Ngoro za Mama Mdogo

Kazi yangu ni kuwatafutia watu wa filamu mahali pa kupigia picha. Wenyewe wanapaita lokesheni, na mimi wananiita dada wa lokesheni, kama vile wazazi wangu hawakunipa jina. Naishi Mbinga mjini, nyuma ya stendi, na ukisikia kuna watu wameingia na kamera upande huu, iwe filamu ya mapenzi, iwe tangazo la chandarua, ujue wamenipigia mimi simu kwanza. Wanakuja na picha vichwani mwao. Mimi natakiwa nizunguke milimani na ufukweni mpaka nipate mahali panapofanana na hiyo picha ambayo sijawahi kuiona. Nikipata, dairekta ana jicho kali. Nikikosa, mimi sijui kazi.

Msinishangae nikianza kwa kulalamika. Niliwahi kuhangaika siku nne kutafuta nyumba ya nyasi, nikaipata kijiji cha Ruanda, huku huku Mbinga, nzuri, imekaa peke yake na mgomba mlangoni. Mwenye nyumba alifurahi mno kusikia nyumba yake itaonekana kwenye filamu. Timu ilipofika baada ya wiki moja ilikuta ameshaezeka bati jipya na kupaka ukuta rangi ya bluu. Dairekta akanifokea mimi. Sasa ningemfanya nini mtu aliyejiandaa kupokea wageni? Mara nyingine nilielewana na wazee wa kanisa moja ziwani watupishe asubuhi moja tu, na asubuhi hiyo hiyo kukatokea msiba. Niliulizwa, tena kwa uso mkavu, kama maziko hayawezi kusogezwa mpaka alasiri. Khaa! Niliondoka pale nikaenda kukaa na wafiwa, wao wakabaki na kamera zao.

Hayo siku hizi nayacheka. Kuna moja silicheki, na watu wangu wananiambia niliache lipite, yamekwisha. Hayajaisha. Yangekuwa yamekwisha nisingekuwa naamka nayo.

Mama mdogo ninayemsema ni mjane wa baba yangu mdogo. Shamba lake liko upande wa Mbuji, kwenye mteremko mkali unaotazama bonde, na amelilima lote kwa ngoro. Kwa asiyezijua, niseme kidogo. Milima ya kwetu imesimama wima, na mvua zikianza hazina mzaha. Kwa hiyo nyasi zinafyekwa mwezi wa tatu zikiwa zimeshafika kiunoni, zinaachwa zinyauke, kisha zinalazwa chini kwa mistari inayokatizana mpaka mteremko mzima unakuwa kama wavu uliotandazwa. Hiyo ni kazi ya wanaume. Halafu wanawake wanaingia na majembe, wanachimba udongo katikati ya kila jicho la wavu na kuufukia juu ya zile nyasi. Palipochimbwa panabaki shimo, ndiyo ngoro yenyewe. Palipofukiwa panakuwa tuta, na humo kwenye tuta ndimo maharage yanamopandwa. Mvua ikinyesha, maji yanaingia shimoni na kutulia, hayapati njia ya kukimbia, na nyasi zinaoza ndani ya tuta na kuwa mbolea. Mwaka unaofuata unapanda mahindi hapo hapo. Hakuna bwana shamba aliyetufundisha. Sisi Wamatengo tumelima hivyo tangu babu wa babu zetu.

Baba mdogo alipofariki, ukoo ulikaa. Kipande chote kile cha mlima, kati ya vijito viwili, ni cha ukoo wetu, na msimamizi ni baba mkubwa, kaka wa kwanza wa baba yangu. Kikao kikasema mama mdogo abaki na mteremko aliokuwa analima na mumewe, ilimradi autunze. Akiuacha ukaharibika, unarudi kwa ukoo. Maneno hayo hayakuandikwa popote, na kila mtu alijua baba mkubwa ameutolea macho ule mteremko, maana ana mtoto wa kiume aliyeoa na anataka kumpandia kahawa. Mama mdogo alilijua hilo kuliko wote. Hakuwahi kuruka msimu hata mmoja. Hakuwa na mume wa kumfyekea nyasi, basi akafyeka mwenyewe. Watu wakamcheka kwamba anafanya kazi ya wanaume. Akawajibu kwamba nyasi hazijawahi kumuuliza ndevu zake ziko wapi.

Basi wakaja watu wa filamu kutoka Dar, dairekta na prodyuza wake na gari mbili za vyombo. Filamu ilimhusu mwanamke anayerudi kwao baada ya miaka mingi, anashuka mlima akiwa amevaa gauni jeupe. Gauni jeupe, Mbinga, kwenye udongo mwekundu! Haya. Kazi yangu si gauni.

Mwanzoni walitaka ziwa, Ziwa Nyasa. Nikawatafutia ufukwe kule Mbaha, mchanga safi, mawe makubwa mazuri, mlima nyuma yake. Nikazungumza na uongozi, nikazungumza na wavuvi, nikazungumza mpaka na akina mama wanaoanika usipa, dagaa wa ziwa letu. Dairekta akashuka kwenye gari, akaangalia vichanja vilivyopangwa ufukwe mzima, dagaa wanang'aa juani, akaziba pua.

"Hivi visamaki haviwezi kuondolewa siku mbili?"

"Viondolewe viende wapi?" nikamuuliza. "Hicho ni chakula cha watu."

Akatembea tembea, akarudi kwenye gari, akamwambia prodyuza kwamba hilo ziwa halina hisia. Mimi nimelelewa na nyanya wa ziwani, Mnyasa halisi, aliyezika watoto wawili waliokufa ndani ya maji yale, halafu naambiwa ziwa halina hisia. Nilikaa kiti cha nyuma nimevimba kama andazi mpaka tukarudi Mbinga.

Na hapa ndipo nilipoanza kuharibu. Jioni ile pale hotelini dairekta aliomba simu yangu aangalie picha nyingine, maana mimi hupiga picha kila ninapopita. Akapekua, akapekua, mara akaruka kwenye kiti. "Hapa! Hapa ndipo!" Ilikuwa picha ya shamba la mama mdogo. Nilikuwa nimeipiga wiki mbili nyuma nilipokwenda kumsalimia, maharage yamechanua, mashimo yamepangana mteremko mzima, na yeye kasimama katikati na jembe anacheka. Sikuipiga kwa kazi. Niliipiga kwa sababu aliniambia, "Nipige mwanangu, uwaonyeshe hao wa mjini kwamba mjane naye analima." Ningeweza kusema pale pale kwamba hapo hapafai, barabara mbaya, ukungu, uongo wowote. Lakini nilikuwa nimeshachoka kuambiwa sijui kazi. Nikasema, "Hapo ni nyumbani kwetu kabisa."

Kesho yake nikachukua bodaboda mpaka kwa mama mdogo. Nilimkuta shambani, anang'oa magugu na kuyatupia mashimoni kama inavyotakiwa.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na njaa au umekuja na maneno?"

"Vyote."

Akacheka. Nikamweleza habari ya filamu. Akasikiliza huku akiendelea na magugu yake, kisha akainuka akashika kiuno.

"Waje wapige. Ila uwaambie mambo mawili, na uwaambie wewe mwenyewe, usimtume mtu. Wasikanyage matuta, maharage yameshaanza kushika. Na mashimo wasiyaguse. Hata moja. Ukiziba shimo la juu, la chini yake linazidiwa, na la chini yake hivyo hivyo, mpaka mlima unashuka bondeni. Wewe umezaliwa huku, unajua."

"Najua mama mdogo. Hawatagusa."

"Unaniahidi?"

"Nakuahidi."

Akaniambia tena, kwa sauti ya chini sasa, kwamba shemeji yake hupita pale juu barabarani karibu kila wiki, anasimama, anaangalia, anaondoka. Hasemi kitu. "Anasubiri nikosee," alisema. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, mimi nipo. Eti mimi nipo!

Lakini watu wa filamu wana fomu. Hawapigi picha mahali bila karatasi iliyosainiwa na mwenye eneo na kugongwa muhuri wa kijiji, na fomu hiyo naijaza mimi kwa mkono wangu. Siku iliyofuata prodyuza akanipigia saa nne asubuhi kwamba anaitaka kabla ya saa sita, vinginevyo timu inahamia mahali pengine na siku zangu zote zimepotea. Nikakimbilia ofisi ya kijiji. Mama mdogo yuko shambani, mwendo wa saa nzima kwenda na mwingine kurudi. Nani nimemkuta amekaa kwenye benchi la ofisi? Baba mkubwa, amekuja kwa mambo yake. Mtendaji wa kijiji akaniuliza shamba lenyewe liko wapi, nikamwambia. Akasema, "Aa, huko si ni kwa mzee huyu? Asaini yeye tumalize."

Hebu niseme ukweli, maana nisiposema mimi hakuna atakayesema. Nilisita. Sekunde tatu, nne. Nikawaza kwamba ni fomu ya filamu tu, si hati ya shamba. Nikawaza kwamba baba mkubwa ndiye msimamizi wa ukoo, kwa namna fulani si uongo. Nikawaza saa sita. Nikaandika jina la baba mkubwa, nikamsogezea kalamu. Akasoma mstari ule polepole, akanitazama, akasaini vizuri, herufi moja moja. Akaomba nakala. Mtendaji akagonga muhuri zote mbili. Baba mkubwa akaikunja yake akaitia mfukoni mwa koti, akaniambia, "Ahsante sana mwanangu." Wakati ule niliona ni adabu.

Nilipompa prodyuza ile fomu nilimwambia kwa mdomo habari ya matuta na mashimo. Nilimwambia mara mbili. Akaniambia, "Usijali dada, tutaacha kila kitu kama tulivyokikuta." Wanasema hivyo kila mahali. Wanasema kwenye nyumba, kwenye duka, kwenye uwanja wa shule. Mimi mwenyewe nimewahi kuwaambia watu maneno hayo mara nyingi nikiwaombea wapige picha kwao.

Siku tatu za kwanza ukungu ulifunika mlima wote, mtu haoni hata mkono wake. Timu nzima imekaa hotelini inakunywa chai na kunilaumu mimi kwa ajili ya ukungu. Siku ya nne dairekta akapata wazo jipya: anataka na mtumbwi mkongwe uliotelekezwa, ufukwe usio na watu, usio na visamaki. Nikapakiwa kwenye gari kushuka ziwani kuutafuta. Nikamwambia prodyuza mimi nabaki, kesho wanaweza kupiga kule mlimani na lazima niwepo. Akasema ukungu hautaondoka, tena nisisumbue watu, niende. Nikaenda. Nilizunguka siku mbili kati ya kijiji na kijiji kuulizia mtumbwi mbovu, watu wananicheka kwamba wao wana mizima, kwa nini nataka mbovu.

Ukungu ukaondoka siku hiyo hiyo niliyoshuka.

Niliporudi nilipitiliza moja kwa moja shambani. Timu ilikuwa inafungasha, wote wachangamfu. Dairekta akaniita kwa mbali, "Dada wa lokesheni! Umetupatia dhahabu!" Mimi nilikuwa nimeshaona. Kutoka juu kabisa ya mteremko mpaka chini kabisa ulipita mstari ulionyooka, upana wa hatua mbili, umesawazishwa kama njia ya kuingilia kwa bwana mkubwa. Walitandika reli za kamera hapo ili kamera iteremke sambamba na yule mwanamke wa gauni jeupe. Reli hazilali juu ya mashimo, basi wakayafukia. Walichukua udongo wa matuta, pamoja na nyasi zake, pamoja na maharage yake, wakajaza mashimo, wakashindilia kwa miguu. Na walipomaliza wakaja na reki, wakapapiga vizuri, wakaokota mpaka vipande vya karatasi.

"Umeona tulivyopasafisha?" mmoja wao akaniambia. "Tumepaacha pazuri kuliko tulivyopakuta."

Haki ya Mungu, nilimrukia. Si kwa mikono, kwa mdomo. Nilisema maneno ambayo mama yangu angeniziba kinywa kwa kanga. Nilimwambia angekuwa na akili ya kuku angejua kwamba mtu hachimbi mashimo mlima mzima kwa kujifurahisha. Prodyuza akaja, akaniambia nishushe sauti, nawaaibisha mbele ya wanakijiji. Nikamwambia warudishe. Wafukue, wapange upya. Akamuuliza dairekta, dairekta akaniuliza mimi kwa upole kabisa, "Si ni kuchimba tu mashimo? Tunaweza kuwalipa vibarua wachimbe kesho."

Kuchimba tu mashimo! Shimo si kitu, shimo ni pale udongo ulipotoka. Kazi yenyewe iko kwenye nyasi zilizolala chini ya tuta, na nyasi hizo hukua mara moja kwa mwaka, hufyekwa mwezi wake, hunyauka wiki zake. Huu ulikuwa mwezi wa tano. Ukichimba sasa kwenye udongo mtupu, mvua ya kwanza inalibomoa tuta. Nilieleza hayo yote mpaka sauti ikanikauka. Prodyuza akanisikiliza, kisha akatoa ile fomu kwenye faili lake. "Dada, mwenye eneo alikuja jana. Tulimuuliza kama tunaweza kusawazisha hapa. Akasema tuendelee."

"Mwenye eneo nani?"

Akanionyesha jina.

Baba mkubwa alikuwa amekuja, amesimama juu barabarani kama kawaida yake, wakamwendea na fomu, wakamuuliza kama inavyotakiwa kiutaratibu. Naye, mtu aliyezaliwa kwenye ngoro, anayejua kila shimo linafanya nini, akawaambia wasawazishe kutoka juu mpaka chini. Wale wa Dar walikosea kwa kutojua. Yeye alijua.

Na mama mdogo? Alikuwepo. Alikuwa amepigana nao toka jana, wakamwambia kwa heshima, "Mama, tuna ruhusa ya mwenyewe." Nilimkuta amekaa kando ya shamba, miguu ameinyoosha mbele, mikono mapajani. Nikapiga magoti. Nilimwambia nisamehe mama mdogo, sikuwepo. Akaniuliza swali moja tu: "Mwenyewe ni nani?" Nikamwambia ni mambo ya karatasi, nitayarekebisha. Hata pale, jamani, hata pale sikumwambia.

Alivuna maharage yaliyobaki mwezi wa saba. Miezi ya kiangazi alijaribu kuukata ule mstari kwa kukingamisha mawe na magogo ya migomba, nami nilikwenda kumsaidia kila Jumamosi, tunapandisha mawe kutoka kijitoni mgongoni. Mwezi wa kumi na moja akapanda mahindi. Mwezi wa kumi na mbili mvua ikaja kama inavyokuja huku kwetu, siku tatu bila kupumzika, na maji yakapata barabara waliyotengenezewa. Mawe yetu yaliondoka usiku wa kwanza. Mstari ukawa mfereji, mfereji ukawa korongo lenye kina cha kufika kifuani kwangu, na kwa kuwa mashimo ya pembeni yalibomokea humo moja baada ya jingine, nusu ya shamba ikashuka bondeni na mahindi yake. Ile filamu ilishatoka. Watu wananitumia ujumbe kunipongeza. Yule mwanamke anashuka mlima sekunde chache, matuta ya maharage kulia na kushoto, wanasema inapendeza kweli.

Baba mkubwa aliitisha kikao cha ukoo mwezi wa kwanza. Tulikaa uani kwake, wazee kwenye viti, sisi wengine kwenye mikeka, mtendaji naye kaalikwa awe shahidi. Baba mkubwa alizungumza taratibu, kwa huzuni nzuri. Alisema tulimpa mama huyu mteremko kwa sharti moja, autunze. Twendeni tukaangalie. Tukaenda, tukaangalia korongo, tukarudi. Wazee wanatikisa vichwa. Hapo nikashindwa, nikasimama bila kupewa ruhusa, nikasema mbele ya wote kwamba korongo limetengenezwa na reli za watu wa filamu, na aliyewaruhusu ni baba mkubwa mwenyewe.

"Ni kweli niliwaruhusu," akasema. Hakupepesa hata jicho. "Shamba ni langu, nani mwingine angewaruhusu? Na kama si langu, huyu mwanetu msomi asingeniandika."

Akatoa nakala yake kwenye koti lile lile. Ikazungushwa mkono kwa mkono. Wazee waliiangalia kwa heshima kubwa, hata wasiojua kusoma, maana ina muhuri. Mtendaji akaulizwa kama muhuri ni wa ofisi yake, akasema ndiyo. Mimi nikaulizwa kama mwandiko ni wangu. Nikaanza kueleza kwamba ile ni fomu ya filamu, kwamba nilikuwa nawahi saa sita, kwamba mama mdogo alikuwa mbali. Mzee mmoja akanikata. "Binti, tumekuuliza mwandiko. Ni wako au si wako?"

"Ni wangu."

Basi. Kikao hakikuchukua muda tena. Hakuna karatasi nyingine duniani inayotaja mteremko ule isipokuwa hiyo niliyoiandika mimi, na inasema wa nani. Wakaamua mama mdogo avune mahindi yaliyosimama, kisha amkabidhi shemeji yake. Na kwa kuwa wana huruma, wakampa kipande kijitoni apande magimbi.

Nikapandisha mori. Nikasema huu ni wizi, nikasema wote wanajua ni wizi, nikasema tutakwenda mbele, kuna mabaraza ya ardhi, kuna sheria, nitasimama mimi mwenyewe nitoe ushahidi. Baba mkubwa akawa anatabasamu kwa mbali. Aliyenizuia ni mama mdogo. Alinyanyuka kwenye mkeka, akajifunga kitenge, akaninyamazisha kwa mkono.

"Mwanangu, tulia. Huko mbele tutakwenda na karatasi gani? Si hiyo hiyo?"

Nikakaa mkekani.

"Mimi sina ubishi na karatasi," akasema. "Nina swali moja, unijibu wewe maana wewe ndiye uliyeandika. Asubuhi ile ulinikuta shambani. Tuliongea. Ulikula mihogo yangu. Najua mstari wa mwenye shamba umemwandika baba yako mkubwa, nimesikia, yameisha. Lakini mimi nilikuwepo. Humo kwenye karatasi umeniandika wapi?"

Nilijua wapi. Fomu ina mistari mingi, na siku ile niliijaza yote haraka haraka: umeme, maji, choo, njia ya gari, kelele. Nilimwambia mama mdogo tuondoke, nitamweleza nyumbani. Akatikisa kichwa. Akaichukua ile karatasi kutoka kwa wazee, akaniwekea mkononi.

"Soma."

Nikatafuta mstari, ingawa sikuhitaji kuutafuta. Nikasoma kwa sauti mwandiko wangu mwenyewe:

"Vikwazo eneoni: kuna mama mmoja analima. Ataombwa asogee."